Udongo wa Vichuguu

Melania hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Ngitili ya ukoo wa mumewe, nje kidogo ya Masumbwe, ilikuwa mikononi mwake tangu mumewe Ngassa alipopooza. Ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi, na Melania aliifunga kwelikweli: hata ndama wa shemeji yake aliyepenya humo aliswagwa hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Wachimbaji waliokuja kunusanusa dhahabu aliwatimua kwa mpini wa jembe. Sifa hiyo aliipenda, tusimfichie.

Basi akaja Davis, mpole, mwenye miwani, aliyejitambulisha kuwa mtafiti wa viumbe wa udongoni. Dhahabu hakuitaja kabisa. Alitaka vichuguu. Alisema mchwa hufuga ukungu humo ndani, na huenda ukungu huo ukatoa dawa ya kuua seli za saratani. Melania aliposikia saratani, ukali wote ukamwisha. Mama yake alikufa kwa saratani ya titi, baada ya mwaka mzima wa kwenda na kurudi hospitalini Mwanza.

"Chukua, mwanangu," alimwambia. "Chukua vyote."

Yeye mwenyewe ndiye aliyekata udongo, akautia kwenye vifuko na kuandika namba. Wazee wa ukoo waliponung'unika aliwatuliza: huyu hatafuti mali, anatafuta uhai wa watu. Wakamwamini, kwa kuwa ni yeye.

Mwezi uliopita uliitishwa mkutano wa kijiji. Kampuni ya kutafuta madini imepata leseni, ofisa wake akaeleza, na ngitili yote imo. Mzee mmoja akauliza wamejuaje kuna dhahabu. Ofisa akajibu bila hiyana: mchwa hupandisha udongo kutoka chini sana, kwa hiyo ukipima vichuguu unajua dhahabu ilipo kabla hujachimba. Vipimo wameletewa na mtaalamu wao. Akamwonyesha kwa mkono. Alikuwa Davis, amekaa nyuma na fulana ya kampuni.

Wazee waligeuka wakamtazama Melania. Afadhali wangemtukana.

Watu walipotawanyika, Davis alimfuata. "Shikamoo, mama."

Melania hakuitikia, yeye anayeitikia hata salamu za walevi. Kilichomchoma zaidi si leseni. Ni kwamba huyu mtu aliingia ngitilini kwa kupitia kaburi la mama yake.

"Na ile dawa?" aliuliza mwishowe.

Davis alivua miwani akaifuta kwa ncha ya fulana. "Sikukudanganya, mama. Utafiti wa saratani ulikuwepo kweli. Ila ulifungwa mwaka uleule wa kwanza."

Melania alikuwa amembebea udongo kwa miaka mitatu.