Skrini ya Kulia Siioni

Mhariri, asante kwa kukubali kulificha jina langu. Hili ninaloandika sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi: jicho langu la kulia halioni. Ukilitazama huwezi kujua, maana linafanana kabisa na la kushoto. Lakini nikifumba la kushoto, nabaki na ukungu mtupu.

Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na ninaishi Garsen. Nilipokuwa darasa la tatu tulikwenda kuokota kuni, mwiba wa mti wa mathenge ukanichoma jichoni. Mama alinitibu nyumbani kwa dawa zake. Uvimbe ulipoisha akaniuliza, "Sasa unaona?" Alikuwa amelia sana siku zile. Nikamwambia naona. Tangu hapo nilikuwa nakaa pembeni kabisa mwa darasa, ukuta ukiwa kulia kwangu, ili ubao na wenzangu wote wawe upande wa kushoto. Walimu walidhani ni haya. Kweli haya ninayo, lakini siyo iliyonipeleka ukutani.

Mwaka huu nilipata kazi ya kupiga chapa kwenye mradi unaotengeneza vitabu vya kuwafundishia watu wazima kusoma, kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma. Programu ya kuandikia nilifundishwa papo hapo ofisini na nikaipenda. Kompyuta ilikuwa na skrini moja, na nilikuwa mwepesi. Msimamizi wetu, ambaye sote tunamwita Madam, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mtoto ana mikono!"

Kisha wafadhili wakatuletea skrini ya pili. Fundi kutoka Malindi akaiunganisha: Kiswahili kikae skrini ya kushoto, tafsiri ikae skrini ya kulia, na mshale wa mausi uvuke kutoka huku hadi kule kama vile zote mbili ni ukurasa mmoja mpana. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitamani kulia. Ile ya kulia siioni mpaka nigeuze shingo nzima, na mshale ukivuka tu, umenipotea. Dhadho, mwenzangu anayesimamia jenereta na uchapishaji, hanipi nafasi. "We dada, hiyo shingo vipi? Bundi ameajiriwa hapa?" Wote hucheka, na mimi nacheka nao.

Nikajitafutia njia. Nilikuwa nawahi kufika, naibeba ile skrini ya kulia na kuiweka kushoto. Kompyuta haikujua kwamba imehama, kwa hiyo ili mshale ufike kushoto ilinibidi nisukume mausi kulia. Nilizoea upesi, kazi ikaenda vizuri. Mpaka siku Dhadho alipokaa kwenye kiti changu. Alisukuma mausi kushoto, mshale ukagota ukingoni. Akasukuma tena na tena. "Madam! Njoo uone, mashine imerogwa!"

Madam alipoelewa hakucheka. "Fundi ameweka hivi. Wewe umebadilisha kwa ruhusa ya nani?"

Nikaanza kupanga karatasi zangu mezani.

"Nakuuliza, ulikuwa unataka nini?"

Nilichokitaka ni kidogo sana, skrini ikae kushoto na fundi abadilishe mpangilio ndani ya kompyuta. Lakini lazima nitoe sababu, na sababu ni hili jicho. Skrini ikarudishwa kulia, nikaambiwa nisiiguse tena.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoniumiza. Mwalimu Guyo ndiye anayetutafsiria Kiorma. Hutoka mbali, upande wa Bangale, na njia ikiharibika hulala njiani. Alikuwa amekaa kando yangu siku nyingi akinisomea sentensi moja moja huku naandika. Wiki iliyopita nilichagua maandishi yake yote ili niongeze ukubwa wa herufi. Nilipomaliza nilidhani nimeurudisha mshale kwenye Kiswahili, kumbe ulikuwa bado kulia na maandishi yake bado yamechaguliwa. Nikainamia karatasi nikaanza kupiga. Herufi ya kwanza tu ilifuta kitabu chake chote, nami sikuona. Nikaendelea kujaza Kiswahili mahali pake. Dhadho akaita kutoka nje, "Hifadhi, nazima!" Nikahifadhi. Jenereta ikanyamaza. Kwenye disketi ya akiba tulikuwa na masomo ya mwanzo tu.

Mwalimu alirudi kutoka msikitini, kompyuta ikawashwa, akaitazama skrini. "Binti yangu, maneno yangu iko wapi?"

Madam alinigombeza mbele ya watu wote. "Skrini mbili, macho mawili! Shida yako ni nini?" Mwalimu Guyo ndiye aliyenitetea. "Mtoto amechoka, Madam. Mimi nasema tena, yeye anaandika tena." Afadhali naye angenigombeza.

Sasa nimeonywa: kosa jingine moja na kazi yangu anapewa mtu mwingine. Nikisema ukweli, naogopa Madam atasema hawezi kumweka mtu asiyeona kwenye kompyuta. Nikinyamaza, kosa hilo litakuja tu, maana kila siku nafanya kazi kwa kubahatisha. Na habari ikitoka itamfikia mama, ajue kwamba nilimdanganya, aanze kuilaumu dawa yake. Nimechoka, jamani. Kazi naijua, mikono ninayo, halafu naitwa mzembe kwa sababu ya skrini kukaa upande huu wa meza badala ya ule.

Ndugu wasomaji, mngekuwa mimi mngemwambia nani kwanza, Madam au mama? Au niache kazi kabla sijafukuzwa? Nisaidieni mawazo, peke yangu nimeshindwa.

Huku kwetu sijasikia ofisi nyingine yenye skrini mbili. Kwa hiyo wewe wa Garsen unayesoma hapa na umeshanijua, nijibu kupitia ukurasa huu kama wengine. Ukikutana nami njiani nisalimie kama kawaida. Na ukimwona mama sokoni anakouza, tafadhali, nunua unachonunua uende zako. Usimwambie.