Nilifundisha mashabiki wa Katoyi kuimba vizuri, nusura wimbo wenyewe utuue

Wakuu, salamu nyingi kutoka Goma.

Kila wiki humu naona mnalalamika kwamba viwanja vimepoa. Huyu anataka ngoma, yule anataka tarumbeta, mwingine anasema mashabiki walipwe soda ndiyo waimbe. Nimesoma nikanyamaza, leo nimeona niweke ya kwangu.

Sitaongeza chumvi. Haihitaji, na nusu ya mtaa wa Katoyi walikuwepo, yeyote anaweza kuja kunisuta.

Mnivumilie Kiswahili. Ninaandika kama tulivyofundishwa shuleni, ila watu wa kwetu nitawaacha waongee wanavyoongea.

Mimi ni mwalimu wa kwaya parokiani. Wananiita Maestro, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Hasira zangu ziko karibu, hilo silifichi. Mtu akiimba nje ya sauti siwezi kuvumilia, hata kama ni msibani.

Ndiyo maana uwanjani sikuwa ninakwenda.

Uwanja wetu umezungushiwa ukuta wa mawe meusi ya mlima, una geti moja tu la chuma, na nje ya ukuta kuna njia ambako akina mama wanakaanga mandazi na wenye pikipiki wanangoja abiria. Mashabiki wetu walijua kazi moja, kumtukana mama wa kipa. Wakichoka matusi, wanaokota mawe. Na mawe Goma hayatafutwi, uko juu yake.

Siku moja dhidi ya timu ya mtaa wa Katindo mawe yakaruka, watu wote wakakimbilia lile geti moja. Chini ya miguu yao alikuwemo baba yangu.

Muzee Kambale. Ameendesha lori barabara ya Rutshuru maisha yake yote bila kupinduka hata mara moja, akaja kuvunjwa mguu na mashabiki wa timu yake mwenyewe. Mguu uliunga vibaya. Tangu hapo anatembea na fimbo.

Siku za mechi alikuwa anabeba kiti chake, anakaa uani, anategea sikio kelele za uwanjani na kubahatisha nani kafunga. Mara nyingi anakosea. Nilikuwa ninamwona hivyo roho inaniuma, na nilikuwa sina la kufanya.

Sasa, msimu huu akaja kwangu Espoir, mkubwa wa mashabiki wetu. Shefu wa kartye, yaani mkuu wa mtaa, alikuwa amewaambia kwamba fujo moja tena, mechi zote zitachezwa geti limefungwa, bila watu.

"Maestro, batu bako banaimbaka muzuri ku misa. Utusaidie na siye."

Nikamjibu kwamba watu wake hawana masikio.

"Masikio tuko nayo," akasema. "Mwalimu ndiyo hatuna."

Nikakubali kwa sharti. Tusi likitoka, mimi natoka. Na mazoezi yatafanywa kama ya kwaya, kwenye ukumbi wa parokia, kwa ishara za mkono.

Ishara zenyewe ni rahisi. Ngumi ikifungwa, wimbo unakatwa hapo hapo. Kiganja kikishuka, watu wanakaa chini. Akina mama wa kwaya niliwaweka mbele kwa sababu wao ishara hizo zimeshawaingia mwilini. Kiongozi wao ni Mama Kavira, mwenye sauti nzito ambayo haihitaji spika.

Halafu kuna matamshi. Hapo ndipo nilipowatesa. Kelele za mpira kwa kawaida ni mngurumo tu, huelewi kitu. Mimi nilitaka maneno. Kila jioni nilikuwa ninawapigia meza: "Tamkeni! Mtu aliye nyuma ya ukuta asikie kila neno."

Liwekeni hilo kichwani, tutalirudia.

Tukahitaji wimbo wetu wenyewe. Timu yetu watu wanaiita Watoto wa Mlima, basi nikatunga kitu cha kujisifu. Mama Kavira anaanza chini, taratibu: "Moto inashuka..." Wanaume wanajibu: "Inashuka!" Anarudia juu zaidi, wanajibu juu zaidi, mwisho wote kwa pamoja: "Imefika ku goli!"

Kwa ambao hamjafika kwetu: Goma iko chini ya mlima wa moto. Ukipasuka, moto unashuka kama mto mpaka ndani ya mji, unakula nyumba. Hatuhadithiwi, tumeuona. Mpaka leo kuna nyumba ambazo mfuko wa vitambulisho na nguo za watoto unakaa nyuma ya mlango, tayari kwa kukimbia.

Na siku hiyo ikifika watu hawatoi maelezo. Wanapiga kelele nyumba kwa nyumba, maneno mawili tu. Moto inashuka.

Sasa mnaelewa. Sisi wote tumezaliwa chini ya mlima huo, tulikaa ukumbini tukiimba maneno hayo na kugonga meza na kucheka, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Ukumbini ulikuwa wimbo.

Siku ya mechi na Katindo ilipokaribia nikamwambia Muzee twende naye.

"Banatukanaka bado?" akauliza.

"Apana, Papa. Ni miye naongoza."

Akanitazama kidogo. "Kama ni weye, nitaenda."

Alinyoa ndevu asubuhi hiyo. Alivaa koti lake la misa.

Mashabiki wanakaa juu ya kilima kidogo cha mawe, Muzee hawezi kupanda. Nikamweka chini, karibu na geti, kwenye kiti chake, ili asipate shida ya kutoka. Mahali hapo nilipachagua mimi, kwa akili zangu mwenyewe.

Niwaambie ukweli, wakuu, ilikuwa raha. Nilisimama juu ya meza, mgongo uwanjani, uso kwa mashabiki, na watu waliokuwa wanaokota mawe walikuwa wananiangalia mkono kama watoto wa komunyo. Hakuna tusi. Mashabiki wa Katindo nao walinyamaza wasikilize. Muzee alikuwa anapiga fimbo chini kwa mapigo sahihi kabisa.

Kipindi cha pili, bado hakuna bao, tukapata kona. Nikanyamazisha ngoma ili maneno yasikike. Nikampa Mama Kavira ishara.

Moto inashuka.

Inashuka!

Wimbo ulipanda vizuri ajabu. Mamia ya watu, neno moja, mdomo mmoja.

Kutoka juu ya meza nilikuwa ninaona ng'ambo ya ukuta. Nikaona mama mmoja wa mandazi anasimama, anaacha sufuria juu ya jiko, anamfunga mtoto mgongoni. Halafu wa pili. Halafu wenye pikipiki wanageuza, wanaondoka bila abiria. Nikadhani kuna ugomvi huko. Kisha njia nzima ikawa inakimbia kuelekea upande wa ziwa, mbali na mlima.

Nikafunga ngumi.

Wimbo ulikatika palepale. Kanisani sijawahi kupata mkato safi namna ile. Na ndani ya kimya hicho, kutoka nyuma ya ukuta, ikaja sauti ya wanawake, hawaimbi.

"Moto! Moto inashuka!"

Ulikuwa ni wimbo wangu unanirudia kama habari. Nami niliyeutunga niliamini.

Niligeuka kuutazama mlima. Wingu lilikuwa limeufunika, kama siku nyingi. Hakuna cha kuona. Ningeweza kuwa ninatazama moto au ninatazama mvua.

Mashabiki wakaanza kusimama. Huko juu mtu akapaza sauti: "Banasema moto inashuka!" Kama kwamba hatukusema sisi. Macho yote yakageuka kwenye geti, na kabla ya geti yuko Muzee kwenye kiti, fimbo magotini.

Kama ni kweli, kuwazuia humo ndani ni kuwachoma. Kama si kweli, kuwaacha wakimbie ni kumuua baba yangu na wengine. Sikupima, nisiwadanganye. Mikono yangu ilishuka yenyewe, viganja chini.

Mama Kavira akakaa. Baadaye aliniambia hakufikiri kitu, makalio ndiyo yalisikia. Akina mama wote wa mbele wakakaa kwenye kokoto na vitenge vyao. Waliokuwa nyuma wakakosa pa kupita isipokuwa juu ya vichwa vya mama zao, na hilo hata shabiki wa kwetu hafanyi. Wakakaa, wengine wakilaani jina langu.

Lakini kundi la vijana upande wa kushoto halikukaa. Liliteremka moja kwa moja getini. Nikaona kiti kinapinduka. Muzee sikumwona tena.

Hapa ndipo pagumu, wakuu. Nilitaka kuruka ile meza. Ila nikiinua mikono tu, watu wote wale wanasimama. Macho yao yalikuwa kwenye viganja vyangu. Basi nikabaki hapo nimeshusha mikono kama mjinga, ninatazama mahali ambapo baba yangu alikuwa amekaa, na ninaona migongo ya watu tu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilimchukia Espoir, nilichukia mpira, nilijichukia mimi na matamshi yangu.

Ndipo akapita mwanaume mmoja nyuma ya ukuta, anakimbia, anapiga kelele kwa pumzi zake zote, na kila neno linasikika:

"Moto inashuka! Imeisha kufika ku goli!"

Vichwa vyote vikageukia ukuta.

Espoir akauliza, polepole tu, "Ku goli ya nani?"

Mama Kavira ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka huku analia, akafuatia wa pembeni yake, mpaka kilima chote kikawa kinacheka. Moto wa mlima haujui goli. Yule bwana alikuwa ameshika wimbo mzima mpaka kibwagizo, akautangaza mjini.

Sasa niliruka.

Muzee alikuwa amebanwa kati ya ukuta na bawa la geti, amesimama kwa mguu mmoja, paji la uso limechubuka, fimbo imevunjika vipande. Mbele yake shabiki mmoja wa Katindo mwenye jezi yao amemkinga kwa mgongo, mikono yote miwili ukutani. Nilitaka kumshukuru, akasema tu, "Peleka muzee akae," akaondoka. Jina lake sijui mpaka leo.

Espoir na Mama Kavira nami tukatoka njiani kuwaeleza watu. Mama wa mandazi alinipiga kofi mbele ya kila mtu. Nililipokea, nililistahili.

Shefu wa kartye akatuita. Nilijua ndiyo mwisho. Akasikiliza, akajishika kichwa, akaamua mechi ziendelee, watu wakiwemo, ila kila wimbo mpya uimbwe kwanza mbele yake ofisini. Kwa hiyo nimeshawahi kusimama peke yangu mbele ya meza ya shefu nikiimba nyimbo za kona na za penalti. Makarani walikuwa wanachungulia mlangoni.

Neno tumelibadilisha. Siku hizi tunaimba "Mvua inashuka." Espoir anasema ni wimbo laini. Mimi nimemwonyesha Espoir mama mmoja jirani ya uwanja, ambaye kila tukiuimba anaingiza ndani unga wake aliouanika. Mama huyo atazoea.

Jioni ile ile, nyumbani, nilikuwa ninamsafisha Muzee jeraha. Nikajipa moyo nikamwuliza:

"Papa, weye haukukimbia. Uliona mukono yangu?"

"Mukono gani?" akasema. "Miye nilitaka kukimbia. Muguu ndiyo ilikatala."

Akanigeuzia paji la uso nimalizie, halafu akaongeza: "Lakini wimbo iko muzuri. Nilisikia maneno yote."

Funzo langu, mkitaka mlichukue. Kuleta shamrashamra uwanjani si kazi ngumu, watu wanapenda kuimba, wape tu mtu wa kuwaongoza na uwaondolee matusi. Lakini nilikuwa ninapiga meza kila jioni nikisema mtu aliye nyuma ya ukuta asikie kila neno, na hata siku moja sikujiuliza mtu huyo ni nani, anaogopa nini, na kama anajua kwamba huku ndani tunacheza. Kabla hamjatunga, mfikirieni huyo kwanza.

Sasa ninahitaji msaada wenu, na tafadhali wenye kejeli wasubiri wenzao wajibu kwanza.

Leo kuna mechi. Muzee ameshanyoa, ameshavaa koti, kiti ameshakibeba mwenyewe na fimbo mpya, amesimama mlangoni ananingoja nimalize kuandika. Mlima umefunikwa na wingu.

Nyinyi mliozoea viwanja, niambieni. Pale penye geti moja, mtu asiyeweza kukimbia huwa mnamkalisha wapi?