Neno la Siri la Watu Wote

Shule niliiacha darasa la tatu. Nasema mapema asije mtu akanionea huruma. Nilianza utanboi, kumsaidia dereva wa lori, nikaijua barabara ya Malaba shimo kwa shimo, na leo nina malori yangu na nyumba ya matofali kule Mwello. Kuna kitu kimoja nakijua kuliko wenye vyeti, nacho ni sili, kile kifungo cha mlango wa kontena. Forodha wakishafunga kontena, sili ile ina namba yake peke yake. Hakuna kontena mbili zenye namba moja. Hata tanboi wa siku ya kwanza anajua.

Mjukuu wangu alisoma sekondari Tororo, na somo lake lilikuwa kompyuta. Likizo alinisomea daftari lake la Kizungu, kisha akanigeuzia Kiswahili. Neno la siri ni kitu anachokijua mwenyewe tu, cha kufungulia mlango wake wa mtandao. Barua ya kitapeli ni ile inayojifanya imetoka kwa mtu unayemwamini. Alijua yote, na mtihani akaupasua. Mimi nikatamba kwa majirani.

Baadaye ndipo nikaambiwa kompyuta zenyewe zilikaa chumba cha kufuli, zimefunikwa mashuka, na miaka minne yote alizigusa mara mbili. Mara mbili! Mwalimu alichora vitufe ubaoni, watoto wakapanga foleni kubonyeza chaki. Mimi nilifundishwa kuendesha lori ndani ya lori.

Basi akataka chuo cha uuguzi. Maombi ni ya mtandao, na lazima uwe na barua pepe. Nikampeleka saiba moja ya Malaba, duka la kompyuta za mtandao, na hapo kosa ni langu, sitalificha. Sisi wa mpakani hatupitishi mzigo wenyewe. Unampa ajenti makaratasi yote, unakaa kwenye benchi, unasubiri. Nimeishi hivyo miaka yote. Nikamwambia mwenye saiba, mwanaume mzima mwenye kipara, "Wewe ndiye ajenti wake. Maliza kila kitu."

Mtoto akafungua mdomo.

"Nyamaza," nikamwambia, "wakubwa wako kazini."

Akaja kukaa nami kwenye benchi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja rafiki yake akampigia simu: majibu ya chuo yametumwa kwenye barua pepe, na asiyethibitisha kabla ya Ijumaa jioni, nafasi yake anapewa mwingine. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Tukakimbia saiba.

"Tupe neno lake la siri," nikasema.

"Mzee, hiyo siwezi pea mtu."

"Si ni lake?"

"Ni lake, lakini ni la watu wote. Nikikupa, umeingia kwa barua ya nusu ya Malaba."

Nikamwambia arudie. Akarudia bila aibu. Kila aliyefunguliwa barua pepe pale, awe mwalimu, dereva au mchungaji, alipewa neno lile lile, na namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya kipara mwenyewe.

"Watu wanasahau, mzee. Mimi nawakumbukia."

"Unawakumbukia! Sili moja kwa kontena zote! Kwenye yadi yangu usingemaliza hata chai ya saa nne!"

Mama mmoja aliyekuja kutoa fotokopi akacheka mpaka akashika meza. Halafu akamgeukia kipara. "Ngoja kwanza. Kumbe na langu ni hilo hilo?"

Kipara akajifanya anatafuta karatasi. "Nyinyi rudini kesho, nitaangalia."

"Kesho nafasi ya mtoto imekwenda!"

Mjukuu wangu akasogea kwenye kompyuta. "Anko, simama kidogo. Nitabonyeza pale pa waliosahau neno. Namba itakuja kwa simu yako. Nisomee hiyo namba tu."

"Na wateja wangu wakija je?"

Nikalivuta lile benchi mpaka mlangoni, nikakaa. "Hakuna anayeingia," nikasema, "na wewe hutoki."

Simu yake ikalia. Akaisoma namba polepole, kama anayeng'olewa jino. Mjukuu wangu akaiandika kwa kidole kimoja, akiwinda kila tarakimu, na hasira zangu kwa mwalimu wa chaki zikapanda upya. Kisha akasimamisha kidole.

"Geukeni. Naandika neno jipya."

Kipara akageuka. Mama wa fotokopi akageuka.

"Na wewe, babu."

"Mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua?"

"Babu, geuka."

Lakini niligeuka. Nikatazama foleni ya malori nje, kila kontena na sili yake, huku nasikia vitufe nyuma yangu, kimoja, kimya, kimoja. Halafu akacheka. Nikajua ameingia.

"Nimepata nafasi, babu! Ngoja nithibitishe." Vitufe vikalia tena. "Wamejibu. Wamepokea."

"Sasa niandikie hilo neno," nikasema, "nikakuwekee kwenye sanduku la hati za shamba."

"Hapana."

"Hapana gani?"

"Hapana ya hapana, babu."

Nilikuwa bado natafuta tusi la kufaa nilipomwona mama wa fotokopi ameshavuta kiti karibu na mjukuu wangu. "Binti, na mimi nionyeshe pa kubonyeza." Kipara akaanza kulalamika kwamba amefunga duka.

Benchi sikuliondoa mlangoni.