Jiwe la Jikoni kwa Mama

Shemeji yangu Mseti ni mtu ambaye ukimwambia jambo, analichukua kama ulivyolisema. Ukimwambia mvua inakuja, anaanua nguo bila kuangalia juu. Nilimjua hivyo tangu alipomwoa dada yangu Bhoke, miaka kumi na moja sasa, na ndiyo maana katika habari hii sina pa kujificha.

Mseti anachonga vigoda huko Kemambo. Anakaa kivulini ukutani kwake, gogo limebanwa katikati ya magoti, anachimba sehemu ya kukalia kwa patasi iliyopinda kama kijiko. Patasi hiyo inasumbua kunoa. Ina mgongo na ina tumbo. Ukinoa mgongo peke yake, makali yanajikunja kidogo kuelekea tumboni, na badala ya kukata mti inauchanachana. Lazima upate kitu chenye mviringo cha kupita kule ndani.

Mwaka jana baba yangu, mzee Nyangwine, alipangiwa siku ya isubo, sherehe ya kumwingiza kwenye wazee wa ukoo wetu. Siku hiyo mzee anakalia kigoda kipya, na Mseti aliomba akichonge yeye. Kwetu alikuwa hahesabiwi sana, mkwe wa magogo wakati wenzake ni wa ng'ombe. Baba alipokubali, Mseti alifurahi mpaka akampigia Bhoke simu, na Bhoke alikuwa chumba cha pili.

Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Bomani, mali ya Athuman. Nina kalamu sikioni na maneno mengi mdomoni. Mseti alipokuja kuuliza kitu cha kunolea tumbo la patasi, nilimpa jiwe bapa. Akarudi, halikuingia kwenye mkunjo. Nikampa tupa ya mviringo. Akarudi tena, chuma cha patasi kilikuwa kigumu kuliko tupa, inateleza tu. Mara ya tatu nikampeleka kwa fundi wa kuchomelea aliye jirani yetu, akaigusisha kwenye grenda. Cheche ziliruka vizuri. Ncha ikageuka bluu, na sisi watatu tukakubaliana kwamba sasa imeiva. Kumbe chuma kikifika rangi ile kimeungua, hakishiki makali tena. Mseti alikaa siku mbili akiisugua kwenye jiwe bapa mpaka akaifikia sehemu isiyoungua.

Mara ya nne alikuja na swali lile lile, na dukani kulikuwa na wateja. Nilikuwa nimechoka kuonekana sijui.

"Shemeji," nikamwambia, "jiwe lenye mgongo wa namna hiyo liko moja tu Tarime nzima. Liko jikoni kwa mama. Nenda kachukue."

Wateja walicheka, kwa sababu kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Akikutana naye njiani anapisha, anaangalia chini. Lakini jiwe lenyewe lilikuwepo kweli. Ni lile la juu la kusagia ulezi, ambalo mama alipewa na mama yake, limelika kwa mikono yao wawili mpaka ukingo wake ukawa wa mviringo kama kidole gumba. Mseti alilijua kwa kusimuliwa na Bhoke. Hakucheka. Aliuliza kama mama ameridhia.

Nikasema ameridhia, huku nimeshamgeukia mtu wa misumari.

Mama ni Msabato, na Mseti alichagua Jumamosi asubuhi ili asimkute. Hata katika kosa alikuwa na adabu. Ila siku hiyo mama aliumwa kichwa, akatoka kanisani mapema. Alimkuta mkwe wake amechuchumaa karibu na mafiga, jiwe liko mapajani, anapitisha patasi taratibu na kuijaribu kwenye ukucha. Mama alijifunika uso kwa kanga akageukia ukutani. Mseti alitoka mbio, akaacha patasi yake jikoni na viatu mlangoni.

Kesho yake baba zangu wadogo walikaa kikao nyumbani. Mseti alisimama nje ya ua, pekupeku. Wakamuuliza ni nani aliyemruhusu kuingia. Alikuwa ananiona. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, naangalia simu iliyokuwa imeisha chaji.

"Nimekosa," akasema. Hakunitaja.

Akaambiwa alete kondoo wa kusafisha nyumba, na asikanyage kwetu mpaka aitwe. Baba akasema kigoda chake hatakikalia, ataagiza kingine kwa fundi wa Mugumu. Masikio yalikuwa yananiwaka. Mdomo nilikuwa nao muda wote ule, na sikuufungua.

Jumatatu nilimsimulia Athuman, nikitegemea atacheka na kunipunguzia mzigo. Hakucheka. Alinyoosha mkono nyuma yangu, akachana kipande cha msasa, akakizungusha kwenye kijiti, akapitisha hewani kama ananoa. Akasema mafundi wa milango wananoa hivyo tangu zamani. Msasa ule nauuza mimi kila siku.

Niliona aibu, lakini bado sikwenda kwa baba. Nilijiambia sherehe ikipita watu watasahau. Wiki moja kabla ya isubo mama akaniita jikoni. Alikuwa amefunga jiwe na patasi ndani ya kanga kuukuu, na viatu vya Mseti vimepanguswa vumbi.

"Mura, mwanangu," akasema, "Mseti hawezi kuingia mahali bila kuuliza. Nani alimwambia mimi nimeridhia?"

"Ni mimi."

Alichochea moto usiohitaji kuchochewa. Nilitamani anipige.

"Mimi siwezi kumpelekea hivi," akasema. "Utapeleka wewe. Lakini kwanza utamwambia baba yako, mbele ya wale wale."

Nikasema jioni ile, mbele ya wale wale. Nilimaliza haraka kuliko nilivyoogopa, na hakuna aliyenisaidia hata kwa kukohoa. Baba akatuma Mseti aitwe. Alifika akasimama pale pale nje ya ua, akaamkia shikamoo, vidole vyake viwili vimefungwa vitambaa.

"Ni huyu alikutuma, ukanyamaza?" baba akamuuliza.

"Alikuwa anatania, mzee. Ni mimi nilikuwa na haraka ya kigoda chako."

Nilitaka kusema haikuwa utani, kwamba niliulizwa nikajibu. Baba aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa, kisha akamuuliza Mseti kigoda kilikuwa kimefikia wapi.

"Kimekwisha."

Patasi yake ilikuwa jikoni kwetu siku zote hizo. Akaulizwa amekimaliza kwa kifaa gani. Akajibu, kwa kisu na vipande vya chupa. Alikuwa ameambiwa hakitakaliwa, na bado alikaa akikwangua mpaka akaumia, kwa sababu alikuwa ameahidi. Baba akamwambia aingie ndani. Siku ya isubo alikikalia kile kile, na cha Mugumu hakikuagizwa kamwe.

Jiwe liko Kemambo sasa, mama amesema libaki huko. Kondoo hakurudishwa, Mseti alikataa. Mpaka leo hajanisema, na Bhoke ananisema kwa ajili yao wote wawili.

Juzi Mseti alikuja dukani kuuliza gundi ya mbao isiyoachia wakati wa mvua. Nikamwonyesha moja. Akauliza kama nina hakika. Hakuwa ananipiga kijembe, aliuliza tu, na jibu lolote langu angelichukua kama nilivyolisema.

Nikamwambia angoje kidogo, nikaenda nyuma kumuuliza Athuman.