Kusukutua Mchana wa Ramadhani

Taya langu la kushoto lilianza kuvimba miaka michache baada ya Mapinduzi, nikiwa msichana wa skuli. Mama alinibandika karafuu za kusaga mpaka nikanuka kama ghala. Halikuniuma sana, ndiyo maana tukachelewa.

Hospitali, daktari mgeni aliitazama picha ya mfupa, akamweleza Mama kwa Kiswahili cha kubabaisha. Ndani ya taya mlikuwa na mfuko wa maji, nao ulikuwa umeula mfupa ukabaki mwembamba kama ganda la yai. Akiutoa siku ile, taya lingeweza kuvunjika. Kwa hiyo angetoboa tundu dogo ndani ya mdomo na kutia kipande cha mrija wa mpira, maji yawe yanatoka, mfuko unywee, mfupa ujijenge. Baada ya miezi ndipo angeutoa. Kazi yangu ilikuwa kusafisha tundu kwa bomba la sindano na maji ya chumvi, asubuhi, mchana na jioni, lisizibe.

"Watu huenda hospitali wakazibwa vidonda, wangu mimi katobolewa," Mama alilalamika njia nzima mpaka nyumbani Mpendae.

Ikaingia Ramadhani. Ua wetu ulipakana na wa jirani ambaye hakuna kilichompita. Mama aliona haya binti yake mkubwa asikike akisukutua na kutema adhuhuri.

"Utasafisha ukishafuturu," alisema. Nilikasirika, lakini nikatii.

Haikupita wiki, mpira ukaziba. Shavu likajaa tena, mdomo ukanuka, nami nikaogopa hata kupiga miayo, nikidhani taya litakatika.

Daktari alizibua bila ya kugomba. Alisema tu kwamba mfupa ule hauna tena cha kupunguza. Tulipofika barabarani Mama akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua," kana kwamba mimi ndiye niliyeficha.

Kesho yake adhuhuri aliweka kibao cha mbuzi ya kukunia nazi katikati ya ua, akanikalisha, akashika bomba mwenyewe. Nikatema kwa kishindo. Jirani akachungulia juu ya ua wa makuti.

"Shoga, mwanao hafungi?"

"Hafungi, mgonjwa. Na uji nshampa," Mama alijibu, akavuta maji mengine.

Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Picha ya mwisho ilipopigwa, mfupa ulikuwa umejaa na mfuko umebaki kama kunde. Daktari akautoa, taya likabaki zima.

Kidonda kilipopona nikaanza kulipa siku zangu za Ramadhani. Jioni ya kwanza nilimkuta Mama mkekani, naye amefunga, ingawa hakuwa na hata siku moja ya kulipa. Akanisogezea sahani ya pweza.

"Tafuna upande huo huo uliopona, nikuone."

Adhana ilikuwa imekwisha zamani. Tende yake ilikuwa bado mkononi, akinitazama mpaka nilipomeza.