Mapinduzi ya Baba wa Jirani

Kwetu pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa vitumbua, unarudisha sahani na chochote ulicho nacho, hata kama ni ndimu mbili. Mke wangu alikuja na desturi hiyo mpaka hapa Lidcombe, na ndiyo iliyonitia wivu uzeeni, wivu wa kijana, nami meno yenyewe ni ya kubandika.

Jirani yetu ni mzee wa Kizungu, mzaliwa wa hapa hapa Sydney, mgane. Amenizidi umri, lakini mgongo wake umenyooka kuliko wangu, na hilo nalo silipendi. Kila Ijumaa mke wangu humpitishia vitumbua juu ya uzio, naye huvimimina kwenye bakuli lake akarudisha sahani na malimau ya mti wake. Na malimau sikuwa na ugomvi.

Siku moja malimau yakaisha mtini. Mke wangu akakawia uani mpaka chai yangu ikapoa. Akarudi na sahani nyeupe, uso umemchangamka.

"Mbona tupu?" nikamuuliza.

"Si tupu. Amenipa hadithi."

Hadithi! Sasa wewe unayesoma hunijui. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa hadithi sina mpinzani. Kiwandani nilipokuwa nikipakia maboksi, Wakongo, Warundi na Wakenya wote walileta chakula chao cha mchana mezani kwangu. Mpaka leo, Jumamosi nikishuka treni Fairfield, wazee wa Mombasa na Tanga wananiwekea kiti dukani na kahawa ya kwanza ni yangu. Na mwanamke huyu nilimpata kwa hadithi, maana mahari yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Leo anakwenda kuokota hadithi uzioni?

"Ya nini hiyo hadithi?"

"Ya baba yake. Alitaka kupindua serikali."

"Ya wapi?"

"Ya hapa."

Nikacheka. "Hapa? Hapa ukiegesha gari vibaya wanakutoza faini. Nani apindue?"

"Cheka tu," akasema. "Ijumaa ijayo ataniendelezea."

Ikawa hivyo kila Ijumaa. Mimi naletewa makombo ya hadithi ya mwanamume mwingine, nayala kwa sababu ni matamu, na kila nikiyala naumwa.

Ilikuwa baina ya vile vita viwili vikubwa. Kazi hakuna, watu wanalala kwenye vibanda vya magunia na mabati. Mkuu wa serikali ya jimbo akasema riba ya madeni ya London ingoje, watu wake wale kwanza. Wenye mali na maofisa waliorudi kutoka vitani wakaona huyu atatuletea ukomunisti, wakaunda jeshi lao la siri. Baba wa jirani hakuwa na mali ya kulinda, alikuwa karani wa duka la vitambaa. Lakini vitani alikuwa sajini, na tangu arudi hakuna aliyemwita sajini tena. "Hiyo ndiyo sababu," jirani alimwambia mke wangu. "Nyingine zimo vitabuni."

Basi wakafanya kwata gizani, wakapanga kumkamata yule mkuu wamfungie kwenye jela kuukuu huko mashamba. Siku ya kufunguliwa daraja kubwa mmoja wao akaja na farasi, akakata utepe kwa upanga kabla mkuu hajaukata. Nakiri, pale kwenye upanga niliacha kutafuna. Halafu, kabla hawajafanya la maana, gavana, mwakilishi wa mfalme, akamwachisha yule mkuu kazi, naye akajiendea kimya kimya. Jeshi zima likabaki na marungu mkononi na hakuna wa kumpindua. Baba akarudi nyumbani akala chakula chake cha jioni. Mama akachukua kitambaa alichokuwa akifunga mkononi, alama ya jeshi la siri, akatia kiraka suruali ya mwanawe, na jirani yangu akaenda shule ameyakalia mapinduzi.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Kicheko kile nilikuwa nakijua zamani. Nilidhani kimeisha, kumbe kimehamia kwa jirani.

Hakucheka aliponisimulia la baba mdogo wa jirani. Huyo hakuwa na kazi, alikuwa upande wa mkuu, na baada ya hapo hakukanyaga nyumba ya ndugu yake mpaka akafa.

Nikaona nimalize biashara hii. Nikamwambia binti yetu atazame habari za jeshi lile kwenye simu, nikasubiri chakula cha jioni. "Mwisho hata simu inaujua," nikamwambia mke wangu. "Hawakupindua kitu."

"Alinambia siku ya kwanza."

"Sasa unasikiliza nini?"

Akaniondolea sahani sijamaliza.

Ijumaa iliyofuata nikajibanza nyuma ya shuka zilizoanikwa, mzee mzima. Anayesema hakuwa jirani. Alikuwa mke wangu, kwa Kiingereza chake cha dukani, neno moja moja, anasimulia habari za baba yake mwenyewe.

Hapa lazima nieleze. Kisiwani kwetu mapinduzi yalifaulu. Mke wangu alikuwa mtoto mdogo, baba yake akatoka mlangoni, hakurudi. Katika ndoa yetu yote hilo ndilo nililopewa. Nikiuliza zaidi, hunambia, "Mungu anajua." Leo anampa mtu anayeniita "meti", ndiyo "rafiki" ya Kiingereza cha hapa!

Wivu ukanipanda, tena wa namna mbili. Mmoja wa sikio lile la uzioni. Mwingine wa yule sajini wa duka la vitambaa, aliyeshindwa, akarudi, akala, akafanyiwa mzaha. Ningempa mke wangu baba wa namna hiyo, na kiraka chake.

Aliporudi nikamvaa mlangoni. "Mimi si mumeo?"

"Ulikuwa kwenye shuka zangu. Nimeona viatu."

"Nijibu!"

"Bwana wee, wewe ungeipamba."

"Ala!"

"Ungeipamba, ungeipeleka Fairfield. Jumamosi moja tu baba yangu angekuwa na upanga. Wazee wangekupigia makofi." Akaweka sahani chini. "Yule Kiingereza changu anakisikia nusu. Nusu nyingine narudi nayo."

Nikafungua mdomo kukana. Nikakumbuka kuwa safari ya mama yangu kwa daktari wa meno niliitia chui.

Wiki iliyofuata akasema magoti yanamuuma, vitumbua nipeleke mimi. Jirani akavimimina, akaanza, "Meti, baba yangu..." Nikamwambia siku nyingine, nikashika sahani yangu nikarudi nayo tupu.

Mke wangu alikuwa ameketi mezani. "Amekupa nini?"

"Sikungoja."

"Na wewe huna hadithi leo?"

"Sina."

Nikakaa. Kunyamaza ni kazi ngumu, viwandani hakuna mfano wake. Chai ikapoa, sikusema. Ndipo akaanza, kwa Kiswahili, kuanzia viatu alivyovaa baba yake.

Aliyoyasema siyaandiki hapa. Jumamosi, Fairfield, niliwasimulia farasi na utepe, wakapiga makofi kweli, na farasi nilimwongezea wenzake wawili. Lakini mti wa jirani umeanza kuzaa tena, na kila nikiyaona malimau yake moyo unanichoma. Yeye ndiye aliyesikia kwanza.