Shemeji na Kichwa cha Gramafoni

Dada yangu aliolewa na mtu wa Petta aliyekaa mwaka mmoja katika chuo cha ufundi Tororo, na tangu hapo hatukupumzika. Debe shinda haliachi kutika. Miaka ile ya sitini alikuja kwetu Sikuda na gramafoni ya betri aliyoinunua Busia, ili mama aisikie santuri pekee aliyorekodi baba kabla ya kufa. Sisi hatukuwa na mashine. Mama alikuwa ameitunza ile santuri kwenye sanduku la nguo bila kuisikia hata mara moja.

Kwetu mama mkwe haketi chumba kimoja na mkwewe. Mama akakaa jikoni, nyuma ya ukuta, na masikio yake yalikuwa yameanza kuzeeka. Shemeji akaiweka santuri, na baba akaimba kwa sauti ndogo.

"Mimi sisikii," mama akasema.

Mtu mwenye akili angetoka nje akaote jua. Shemeji akatoa elimu.

"Ndani ya kichwa hii," akaniambia, akishika kipande kinachobeba sindano, "iko fuwele. Sindano inaiminya, inatoa umeme, umeme inakuwa sauti. Hata moto inatoa umeme kwa fuwele. Tukiminya na tukipasha, sauti inakuwa mara mbili!"

Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli; nilikuja kuyasoma mwenyewe baadaye. Zipo fuwele zinazotoa umeme zikiminywa, na zipo zinazotoa zikipata joto au baridi. Lakini ile ilikuwa ya chumvi, na joto likizidi huharibika isipone tena. Nadhani bwana mkubwa aliondoka chuoni kabla ya somo hilo. Akakishikilia kichwa juu ya jiko la makaa kama anayechoma hindi, kisha akakirudisha mahali pake, akafunga kufuli juu ya mkono wa sindano kwa mpira wa baiskeli, akawasha.

Sindano ikailima santuri, kra kra kra, mpaka katikati. Sauti ya baba haikutoka. Nilitamani kumpiga kwa lile kufuli.

"Mama, umesikia?" akapaza sauti, mjinga yule.

Mkwe haaibishwi. "Nimesikia, mukwe wangu," mama akajibu kutoka jikoni. "Asante sana."

Shemeji akaenda dukani kujitapa, gramafoni akatuachia. Ndipo mama akaingia, akajifuta mikono, akavuta kigoda karibu kabisa na mashine.

"Haya, amekwenda," akasema. "Sasa wekea mimi baba yako."